Siku Tisa za Sifuri

Kiwandani walimwita Bi Pua, na utani huo ulikuwa na maana yake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima gesi zisizo na harufu hata kidogo. Heliamu hainuki. Agoni nayo hainuki. Ni gesi zinazojitenga: haziwaki, hazitii kutu, haziungani na kitu chochote, ukiziingiza mahali zinakaa kimya kama mkwe ugenini. Watu huzinunua kwa ajili ya ukimya huo. Zikiingiliwa na uchafu, hata wa kiasi ambacho mtu angeona haya kukitaja, hazifai tena, na Bi Pua ndiye aliyekaa pale kuutafuta uchafu wenyewe.

Wageni walipomwuliza anatafuta nini ndani ya mtungi wa chuma uliofungwa, aliwapa mfano wa mchele. Chukua gunia la kilo hamsini, alisema, limwage sakafuni, kisha uniambie kama kuna punje mbili zilizooza. Hiyo ndiyo sehemu moja katika milioni. Wageni walicheka wakidhani anatia chumvi, lakini hakuwa anatia chumvi. Mashine yake, sanduku la kijivu lenye ukubwa wa friji ndogo, iliweza kuziona punje hizo mbili, ilimradi anayeitumia awe ameizoea tabia yake.

Yeye aliizoea akiwa bado mfagiaji. Aliajiriwa kufagia ua na chumba cha vipimo kilichokuwa mwisho wa ua huo, nyuma ya safu za mitungi. Mpimaji wa wakati ule, mzee mwenye kikohozi na maneno ya kuhesabu, alimkuta siku moja amesimama na ufagio, anatazama kalamu ya mashine ikichora vilima kwenye karatasi. Akamwuliza anaona nini. Akajibu kwamba kilima cha tatu leo ni kifupi kuliko cha jana. Mzee akamnyang'anya ufagio. Kwa miaka minne alimfundisha, akamsukuma aende chuo cha ufundi jioni jioni, na alipostaafu akamwachia funguo na koti jeupe lililompwaya. Mumewe, fundi cherehani, alilipunguza koti lile mabegani, na tangu hapo ndilo alilolivaa.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mumewe bado alishona barazani, mama mkwe aliishi nao katika chumba cha nyuma, na watoto wawili walikwisha kuwa na kwao. Maisha yalikuwa yametulia. Mwaka huo ndipo kiwanda kilipopata kazi ya bwawa.

Bwawa la umeme, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, lilikuwa na lango la chuma lililokwama mita hamsini chini ya maji. Kikosi cha wapiga mbizi kiliitwa kulifungua. Mtu akishuka kina hicho hawezi kuvuta hewa ya kawaida, humlevya kama pombe. Huvuta heliamu iliyochanganywa na oksijeni, inayomfikia kwa mpira mrefu kutoka kwenye mitungi iliyo juu. Heliamu hiyo ilitoka kiwandani kwa kina Bi Pua. Alichopaswa kukichunga zaidi ya vyote ni ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, ambayo nayo haina harufu. Kina cha mita hamsini huongeza nguvu ya sumu mara sita. Kidogo ambacho juu hakimsumbui mtu, kule chini humtia maumivu ya kichwa, kisha kizunguzungu, na mtu mwenye kizunguzungu chini ya maji hana wa kumshika mkono.

Mkuu wa kikosi hicho aliitwa Chura, jina alilopewa na wenzake naye akalipenda. Alikuja mwenyewe kuchukua mitungi, akasimama mlangoni kwa Bi Pua kwa sababu ndani hakuruhusiwa kuingia na viatu vyake vya matope, na kila mara akamwuliza, "Shangazi, tutapona?" Naye alimpa cheti, akamwambia akajifie kwa uzee.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi, Bi Pua alikaa kujaza daftari la vipimo la wiki. Alifungua ukurasa, akashika kalamu, na mkono ukasita. Safu ya hewa ya sumu ilikuwa sifuri. Sifuri juu yake, sifuri juu ya hiyo. Akarudi ukurasa wa nyuma. Siku tisa za kazi, mitungi thelathini na mmoja ya heliamu, na kila mtungi ulikuwa sifuri kavu.

Meneja alikuwa ameziona sifuri hizo siku mbili nyuma akafurahi sana. Alisema pampu mpya iliyofungwa kiwandani imeleta baraka. Lakini Bi Pua, miaka yote ile, hakuwahi kuona gesi isiyo na doa kabisa. Gesi nzuri ilimpa sifuri nukta mbili, sifuri nukta tatu. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akipumua usingizini: ukiacha kusikia kabisa, hushangilii kwamba amelala vizuri.

Akaenda kabatini, akatoa mtungi mdogo wa kipimo, wenye sumu kumi katika milioni kwa makusudi, ambao kwa desturi yao ulifunguliwa mara moja tu mwanzoni mwa mwezi. Akauunganisha kwenye mashine, akasubiri. Mashine ilipaswa kusema kumi. Ikasema mbili.

Akafungua tena, akasubiri tena. Mbili.

Hapo alijua, kabla hata ya kuthibitisha. Kila mashine ya namna hiyo hufundishwa kwanza sifuri ni nini. Hupewa gesi safi kabisa kutoka kwenye mtungi maalumu, ikaambiwa: hii ndiyo sifuri, hesabu kuanzia hapa. Ikiwa gesi hiyo yenyewe ina uchafu wa nane, basi mashine itapunguza nane kwenye kila kitu itakachoonyeshwa. Mtungi wenye saba utasomeka chini ya sifuri, na kompyuta ya kiwanda, kwa kuwa haikupangwa kuandika namba za chini ya sifuri, itaandika sifuri. Alichomoa mtungi wa sifuri, akachomeka ule wa zamani uliokuwa na gesi kidogo iliyobaki, akaifundisha mashine upya. Kisha akapima ule mtungi mpya kama anayepima mtungi wowote. Nane.

Mtungi huo aliufunga yeye mwenyewe, tarehe kumi na mbili. Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Mtungi mpya wa sifuri hupimwa dhidi ya wa zamani kabla ya kuaminiwa. Kazi ya dakika ishirini. Lakini saa tano siku hiyo mumewe alipiga simu kwamba mama ameteleza bafuni na hawezi kuinuka. Bi Pua alikaza valvu, akabonyeza kitufe, akavua koti, akakimbia. Mama alikuwa ameteguka nyonga tu. Kesho yake Bi Pua alirudi kazini na shukrani nyingi moyoni, na zile dakika ishirini hakuzikumbuka tena.

Alivuka ua kwenda ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa simu, mtu wa kuandika barua mara tatu kabla ya kuituma. Alimsikiliza Bi Pua bila kumkatiza, akawa anasugua ukingo wa meza kwa kidole gumba.

"Una uhakika mitungi ni michafu?" akauliza.

"Sina. Huenda yote ni safi. Nina uhakika kwamba nilivyoipima sivyo."

Meneja akapendekeza waipime kwanza mitungi tisa iliyokuwa bado uani, wajue wanazungumza nini, ndipo wawapigie watu wa bwawa. Wakiwasimamisha bure, alisema, kiwanda kitaonekana hakijui kazi yake.

"Kupima mitungi tisa ni saa moja na nusu," Bi Pua alisema. "Saa hizi wanaingia majini. Tupige simu kwanza, uhakika tutautafuta baadaye. Kosa ni langu, nitalisema mimi kwa mdomo wangu."

Meneja akasukuma simu upande wake.

Simu ya Chura iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipokewa na mtunza stoo wa kikosi, aliyesema simu ya mkubwa imo ndani ya koti lake na koti liko msumarini. Mkubwa mwenyewe yuko kwenye mitambo, watu wawili wako chini tangu robo saa iliyopita. Bi Pua akamwambia akimbie na simu mkononi. Akasikia viatu vikigonga mbao, upepo, injini, kisha sauti aliyoijua.

Alimweleza kwa maneno machache. Chura hakumlaumu wala hakumtania. Aliuliza kitu kimoja: mitungi ipi anaiamini.

"Yoyote niliyoipima kabla ya tarehe kumi na mbili. Mna akiba?"

"Minne. Lebo zina mwandiko wako."

"Nisomee."

Akamsomea namba, moja baada ya nyingine, na Bi Pua akazifuata kwa kidole kwenye daftari alilokuja nalo kifuani kama mtoto mchanga. Tarehe tano, sifuri nukta tatu. Tarehe tano, sifuri nukta mbili. Tarehe sita. Tarehe sita. Zote zilikuwa za kabla. Hata zile namba ndogo baada ya nukta, alizozoea kuzipita bila kuzitazama, siku hiyo alizipenda.

"Badilisha," akasema.

Akasikia Chura akitoa amri, chuma kikizungushwa, mvumo wa gesi. Mtu aliye kina kile hawezi kupandishwa kwa pupa. Lazima apande ngazi kwa ngazi, muda mrefu, la sivyo damu yake itamwadhibu. Ndiyo maana Bi Pua alipotaka kujua lini watatoka, aliambiwa baada ya saa mbili. Lakini wapiga mbizi wana waya wa kuzungumza na walio juu, na Chura aliwauliza papo hapo kama kuna anayeumwa kichwa, anayehisi kichefuchefu, anayeona vitu viwili viwili. Wa kwanza akasema yuko salama. Wa pili akajibu kwamba kinachomuuma ni bolti moja iliyogoma, na kama hawana haraka angependa kuimaliza. Chura akamwambia aiache bolti apande.

"Umesikia mwenyewe?" Chura alimwuliza.

Alikuwa amesikia. Aliweka simu chini na kukaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Meneja akamletea maji.

Hawakukaa sana. Lori lilitumwa bwawani kuleta mitungi yote ishirini na miwili, mizima na iliyokwisha kutumika, kwa kuwa hata mtungi uliotumika hubaki na gesi kidogo ya kusema ulikuwa na nini. Bi Pua akarudi chumbani kwake na kuanza na ile tisa ya uani. Fundi wa kujaza, mtu mpana aliyekuwa na desturi ya kuimba kazini, alimletea mitungi kwa kigari na siku hiyo hakuimba. Sifuri nukta mbili. Sifuri nukta mbili. Sifuri nukta nne. Yote tisa ilikuwa safi.

Saa saba kasorobo simu ya meneja ililia, naye akatoka ofisini akavuka ua mzima badala ya kumwita. Wapiga mbizi wote wawili walikuwa juu, wamevua mavazi, daktari wa kikosi amewapima damu, hakuna kitu. Wanakula. Bi Pua aligeukia ukuta, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti. Fundi wa kujaza alijifanya anahesabu mitungi.

Lori lilifika saa nane. Walianza na iliyotumika, maana hiyo ndiyo gesi iliyokwisha kuingia vifuani mwa watu. Ilikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja ulichukua dakika kumi, na dakika kumi hizo hazikuwa na njia ya mkato: unganisha, puliza bomba, subiri, soma. Wa kwanza safi, wa pili safi. Ulipofika wa tano fundi wa kujaza akaanza kuguna wimbo puani. Wa kumi na moja ulipotoka na sifuri nukta tatu, Bi Pua, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akahisi njaa.

Ilibaki mitungi kumi na mmoja iliyokuwa haijafunguliwa, kofia zake za plastiki zikiwa bado juu ya valvu. Ilikwenda vizuri mpaka wa saba. Mashine ilipanda, ikapita moja, ikapita tatu, ikatulia kwenye sita.

Bi Pua akapima tena, akapata sita. Fundi akauzungusha mtungi, akasoma namba iliyogongwa shingoni, akaenda kuleta karatasi zake za kujazia. Mtungi huo ulikuwa umerudi kutoka kwa mteja mwingine mwenye kutumia mchanganyiko wenye ile hewa ya sumu, na siku ya kuujaza, pampu ya kunyonya masalio ilikuwa imezimwa mapema. Saini ilikuwa ya kwake. Alikaa juu ya kigari na kukitazama kiganja chake.

"Basi tuko wawili," Bi Pua alimwambia.

Minne iliyosalia ilikuwa safi. Walipofunga mlango jua lilikuwa linazama, mitungi thelathini imerudishwa kwenye safu, na ule mmoja umefungwa utambaa mwekundu shingoni na kusimamishwa peke yake pembeni. Chura alipopigiwa kuambiwa, alitaka kujua ungetumika lini. Mtunza stoo wake akaangalia mpangilio: Jumatatu asubuhi, wa pili kufunguliwa. Chura akasema, "Shangazi, nakushukuru kwa kunisumbua," akakata.

Nyumbani Bi Pua alimkuta mumewe anakunja vitambaa. Alimsimulia yote akiwa amesimama, hajavua hata viatu, na hakuiruka ile sehemu ya dakika ishirini. Alitegemea afarijiwe, na aliogopa kufarijiwa. Mume alimsikiliza akiwa na tepu shingoni. Alisema naye amewahi kumkatia bwana harusi suruali kwa kipimo cha mtu mwingine, na alimwambia saa ile ile, na bwana harusi alimtukana mpaka watoto wa jirani wakajifunza maneno mapya. Lakini alioa akiwa na suruali. Bi Pua akacheka bila kutaka.

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha nyuma bila kuficha, akaita. Bi Pua akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo ni mimi niliyetaka kuua watu, kwa kuteleza," mama alisema.

"Si wewe, mama. Ningeweza kurudi jioni nikamaliza. Sikurudi."

Mama akafikiri. Akasema mficha uchi hazai, na kwamba angekuwa na mkwe wa kuficha mambo, angekuwa amekwisha kuomba ahamishiwe kwa binti yake zamani. Kisha akaomba ageuzwe upande, maana nyonga ilikuwa inamsumbua. Bi Pua akamgeuza, akamwekea mto, na hapo ndipo alipohisi mwili wake wote umelegea kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu. Alikula alichowekewa, akarudia, akalala bila kuota.

Jumatatu alipewa barua ya onyo. Meneja alikuwa ameiandika mara tatu, kama kawaida yake, na katika kuiandika mara tatu ilikuwa imepungua ukali kila mara. Ilisema amekosea, ikataja tarehe, na katika aya ya mwisho ikasema kiwanda kinamshukuru. Alitia saini akaona yanamstahili yote mawili, onyo na shukrani. Fundi wa kujaza naye alipata yake. Waliokiuzia kiwanda mtungi wa sifuri walijibu baada ya wiki: lebo mbili zilibadilishana ghalani kwao, na mtungi wa kipimo cha nane ukaandikwa sifuri. Waliomba radhi. Kompyuta ilipangwa upya iandike namba za chini ya sifuri kama zilivyo, na ikawa sheria kwamba hakuna mtungi mpya wa sifuri utakaoaminiwa bila watu wawili kuupima dhidi ya wa zamani.

Lango la bwawa lilifunguka mwezi uliofuata. Siku hiyo Chura alikuja kiwandani na kijana mrefu mwenye masikio makubwa, akamtambulisha kuwa ndiye aliyekuwa chini Ijumaa ile, mwenye bolti. Kijana alivua viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi, akaomba aonyeshwe mashine inavyofanya kazi. Bi Pua akamvutia kiti. Akaunganisha mtungi wa heliamu uliokuwa zamu yake asubuhi ile, akapuliza bomba, na wote wawili wakakaa kusubiri zile dakika kumi, kijana akiuliza na yeye akijibu.